Fundi Sufuria na Lawama Isiyokuwa Yake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye dukani aendelee kuuza, lakini sikio moja aniachie mimi. Leo namkumbuka fundi wa magari ya zamani. Mlimjua kwa jina la Fundi Sufuria. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alizikwa Jumamosi. Nilikuwepo.

Nimefanya kipindi hiki kwa miaka mingi. Nimewasimulia maisha ya wakunga, walimu, wauza magazeti, na kipa mmoja aliyefungwa mabao manane akatoka uwanjani anacheka. Siku zote huja hapa na karatasi zangu na glasi ya maji. Leo nimekuja na kitu cha tatu. Kiko hapa mezani. Sikilizeni nikigonge. Mmesikia? Ni chuma kidogo cha duara, upana wake kama mfuniko wa chupa ya jamu. Nitawaambia ni nini. Nipeni muda tu, maana nina jambo la kusema na ulimi wangu unalikwepa.

Tuanze na alikotoka. Fundi Sufuria alizaliwa katika nyumba ya mshonaji. Baba yake alikuwa na cherehani moja na futi ya kitambaa iliyopauka. Dada yake yu hai, na ulimi wake haujazeeka. Aliniambia hivi: "Kaka yangu alipima kila kitu kwa ile futi ya baba. Alipima meza, alimpima paka, alinipima mimi pua. Akasema, dada, pua yako imezidi kipimo. Nikamkimbiza na mwiko."

Alipofika miaka kumi na saba akaingia gereji ya kampuni ya malori. Miaka miwili ya kwanza hakupewa spana. Alikuwa anaosha vyuma kwa dizeli. Lakini kila chuma alichokiosha aliuliza kazi yake, mpaka fundi mkuu akamwambia, "Wewe hukuja kuosha, umekuja kufanya upelelezi."

Baadaye akafungua gereji yake mwenyewe, uani, nyuma ya bekari. Pale palienea magari matano, yakibanana. Alichagua magari ya zamani tu. "Haya mapya yanaongea na kompyuta," alikuwa akisema. "Ya zamani bado yanaongea na mimi." Penye kivuli aliweka kiti kimoja kwa wateja wazee, kimetengenezwa kwa siti ya gari, na mto juu yake. Hakuna aliyemwomba aweke mto.

Mke wake aliniambia, "Nguo zake zilinuka oili na mkate. Siku akirudi ananuka oili peke yake, namuuliza, leo ulikuwa wapi?"

Sasa, sufuria. Fundi huyu alikuwa na sufuria nyeusi, jiko la mafuta na kipimajoto kirefu cha kioo. Vilikuwa vya kupimia themostati. Na sufuria haikuwa yake. Mke wake anasema, "Ilikuwa yangu, nilipewa na mama. Aliiazima kwa siku moja. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili, bado naisubiri."

Kwa asiyejua, themostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, na maji yanabaki ndani yapate moto. Injini ikifikia joto lake, mlango unafunguka, na maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa. Ni hivyo tu. Mimi mwenyewe sikujua hilo mpaka nilipokutana na fundi huyu, na nilikutana naye kwa sababu ya gari la mume wangu.

Mzee wangu alikuwa karani wa posta. Alipostaafu alinunua gari la miaka ya sitini, rangi ya damu ya mzee, lenye taa za mviringo. Alilipenda. Alilifuta kwa fulana zake mwenyewe, tena nyingine mpya. Wakati ninaouzungumzia, miaka kumi na tisa iliyopita, figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Kila Jumanne nilimpeleka hospitali kwa gari hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

Ile themostati ya zamani ikagoma. Mzee wangu akaenda dukani, akanunua mpya, akaipeleka kwa fundi akiwa na furaha kama bwana harusi.

"Fundi, nimekurahisishia kazi," akasema. "Hii inafunguka kwenye digrii sabini na nne. Muuzaji kaniambia ya chini ndiyo bora, injini haitachemka maisha."

Fundi akaigeuza mkononi. "Ni nzuri, mzee. Tena nzima kabisa. Ila si ya gari lako."

"Inaingia kwenye tundu lake. Nimeijaribu."

"Mzee, hata kwenye kiatu cha mama hapa mguu wako unaweza kuingia. Shida itakuwa kutembea."

Nilicheka. Mzee wangu alikunja uso.

Hapo fundi akakaa chini, akatufundisha kwa upole. Alisema themostati haipozi injini. Inayopoza ni rejeta. Themostati inaamua tu mlango ufunguke lini. Ukiweka ya sabini na nne, injini itafanya kazi kabla haijapata joto lake, itakunywa petroli, na oili itachafuka mapema. Ukiweka ya themanini na nane, ile ni ya nchi za baridi. Kwa rejeta ya kizee kama hii, ukifika mlimani hutakuwa na akiba ya kupoza. Kitabu cha gari kinasema themanini na mbili. Themanini na mbili, wasikilizaji. Naomba muikumbuke namba hiyo.

"Na namba peke yake haitoshi," akaendelea. "Injini yenu ina njia mbili za maji. Moja ndefu, inayopita kwenye rejeta. Nyingine ya mkato, inayorudi ndani palepale. Themostati ya gari hili ina sketi, hiki kiduara cha chuma chini. Mlango mkubwa ukifunguka, sketi inaziba njia ya mkato. Kama hakuna sketi, maji ya moto yanapita mkato, yanarudi ndani yakiwa ya moto vilevile. Mjini hutaona kitu. Utaona mlimani."

"Na hiyo yenye sketi iko wapi?" mzee wangu akauliza.

"Hapa haipo. Nitaiagiza. Wiki tatu."

"Wiki tatu, fundi! Kwa kidude kama hiki?"

"Gari hili ulilitamani miaka mingapi kabla hujalipata?"

Jibu lilikuwa ishirini na sita.

Themostati zilikuja tatu. Fundi akatuita tushuhudie. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake, mwenye gari lazima awepo. Akafungua kidogo mlango wa themostati kwa ukucha, akapitisha uzi wa cherehani, mlango ukauma uzi. Akaining'iniza kwenye maji, isiguse chini ya sufuria. Maji yakipata joto la kutosha, mlango utafunguka, uzi utaachiwa, na themostati itadondoka. Unaisikia kabisa. Ya kwanza ilidondoka kwenye sitini, maji hata hayajaanza kutoa mvuke mzuri. Ya pili ilifika tisini na bado imeuma uzi kama mbwa na mfupa. Ya tatu ilidondoka kwenye themanini na mbili.

Mzee wangu akasema, "Nakuamini, fundi."

"Usiniamini mimi," fundi akajibu. "Amini maji."

Akachukua msumari, akachora ukingoni mwake: 82, na tarehe. Kisha akaandika kwenye kadi ya gari letu. Kila gari lilikuwa na kadi, aliyoikata kutoka kwenye maboksi ya bekari, na kadi zote zilikaa ndani ya kopo la biskuti. Kwenye yetu aliandika tarehe ileile, kisha: *82, yenye sketi. Imejaribiwa. Imefungwa.*

Tulipoondoka alikuja mpaka dirishani kwangu. "Mama, mshale wa joto utakaa katikati. Kwenye foleni utapanda kidogo, halafu utashuka. Huo ni mlango unafanya kazi. Usiogope. Ukiogopa, niite."

Ukiogopa, niite. Wasikilizaji wapendwa, niliogopa. Sikumwita.

Ilikuwa Jumanne, kwenye foleni ya kwenda hospitali. Mzee wangu amelala siti ya nyuma. Mshale ukapanda kidogo, vilevile kama nilivyoambiwa. Nilijiona tumekwama barabarani na mgonjwa, gari linatoa moshi. Tuliporudi nyumbani nikamweleza jirani yetu, dereva wa lori, mtu mwema. Akasema, "Kwa joto hili, kidude hicho cha nini? Toa tu, maji yapite." Mafundi wengi husema hivyo mpaka leo. Nikamwambia aitoe. Bolti mbili, dakika kumi, kazi imekwisha. Akanipa themostati imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani yangu.

Jirani simlaumu. Alifanya nilichomwambia.

Mzee wangu sikumwambia. Na mshale, wasikilizaji, ulikaa chini vizuri kabisa. Wiki nzima nikiendesha mjini, mshale uko chini. Nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, fundi na sufuria yake wametuzungusha wiki tatu bure.

Kisha mzee wangu akataka kumwona dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo alikaa upande wa pili wa mlima na miguu yake haikuwa tena ya kusafiri. Mzee wangu alijua hali yake. Alisema, "Nipeleke sasa, wakati bado naweza kukaa kwenye kiti." Tukaondoka Jumapili asubuhi. Alivaa shati jeupe na alikuwa amembebea dada yake kitambaa cha kichwa.

Tulikuwa nusu ya mlima gari lilipochemka. Mshale ulikwenda mwisho, mvuke ukafunika kioo, kisha injini ikalia kama sahani zinazovunjika. Gasketi iliungua na hedi, kile kichwa cha chuma cha injini, ikapinda. Mzee wangu alikaa pembeni ya barabara juu ya dumu la maji, shati lake jeupe, kitambaa mkononi. Lori likatuvuta mpaka nyumbani. Dada yake hakumwona tena.

Nilijua themostati imetolewa. Sikujua kwamba hilo ndilo lililotuchemsha. Lakini pia sikuuliza. Mtu asiyeuliza huwa ana sababu yake.

Kesho yake nilikuwa na kipindi cha asubuhi, hapahapa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inatafuta mtu. Nikawaambia ninyi. Wale wa siku zile mtakumbuka. Nilisema, "Kuna fundi mmoja nyuma ya bekari. Huyo hatengenezi magari, anayapika. Ana sufuria kabisa! Letu kalipika mpaka likaungua. Fundi Sufuria huyo, mkimwona mwulizeni kama chumvi imekolea." Fundi mitambo nyuma ya kioo alicheka mpaka akajifuta macho. Mji mzima ulicheka.

Jina la Fundi Sufuria ni mimi niliyempa. Nililitoa kwa dhihaka, na mkalipokea kwa sababu mliniamini.

Siku ya tatu alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, ameshika boksi la spana. "Shikamoo, mzee. Nimesikia redioni. Naomba nilione gari."

Mzee wangu alitolewa kiti uani, blanketi magotini. Mimi nilisimama nyuma yake na kikombe cha dawa. Fundi akafungua boneti. Akalegeza bolti mbili. Akanyanyua kifuniko. Akatazama ndani. Akatia kidole. Pale palikuwa patupu. Akageuka, akanitazama mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliusoma wote.

Mzee wangu akauliza, "Haya fundi, ni nini kimeniharibia safari?"

Fundi akarudisha kifuniko. Akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ni kosa langu, mzee. Nisamehe."

Mzee wangu akageuza uso.

Nilimfuata mpaka getini. Nikasema, "Fundi." Yaliyobaki aliyasema yeye, kwa sauti ya chini. "Mama, yule hana siku nyingi. Akijua ni wewe, atazimaliza akiwa amekununia. Mimi akininunia, nitaishi. Nenda kampe dawa."

Nikaenda nikampa dawa.

Fundi alitengeneza injini ile upya, akaweka themostati nyingine ya themanini na mbili. Mzee wangu hakulipanda tena. Alifariki baada ya wiki saba, na kwa wiki zote saba alikuwa akisema, "Yule fundi nilimwamini." Nami nilikuwa nikimpangusa uso na kunyamaza.

Hapo, wasikilizaji, unaweza kusema nilinyamaza kwa ajili ya mgonjwa. Sawa. Lakini mgonjwa alizikwa. Baada ya hapo kilichobaki cha kulindwa kilikuwa jina langu tu. Nililinda jina langu kwa miaka kumi na tisa, kwa gharama ya jina la mtu mwingine. Miaka kumi na tisa, na maikrofoni iko mbele yangu kila wiki.

Wateja walimkimbia. Pale uani, palipobanana magari matano, yakabaki mawili. Mke wake akaanza kushona foronya na kuzitembeza mitaani. Binti yao alikuwa na miaka kumi. Shuleni walimwuliza, "Baba yako leo kapika nini, supu ya rejeta?" Alirudi analia. Siku ile baba yake alichukua brashi na rangi, akaandika juu ya mlango wa gereji kwa herufi kubwa: FUNDI SUFURIA. Binti akapiga kelele, "Baba, ndiyo wanavyotucheka!" Akamwambia, "Jina ukilikimbia litakufukuza. Lipe kiti likae."

Na kweli likakaa. Kidogo kidogo wenye magari ya zamani walirudi, kwa sababu magari yao yalikuwa hayachemki. Wapo waliokuja kwake hata hawajui jina lake halisi. Lakini hakuwahi kurudi alikokuwa. Daima alikuwepo mtu wa kusema, yule si ndiye aliyeua gari la yule mama wa redio?

Kila mwaka, kabla ya msimu wa joto, alipita kwangu kukagua maji ya gari la marehemu. Hakukosa hata mwaka mmoja. Aliniuliza hali ya magoti yangu. Siku moja nilijikaza nikasema, "Fundi, lile jambo letu." Akasema, "Lipi, mama? La rejeta? Rejeta nzima." Akacheka. Nami nikafurahi kwamba amelifunika. Furaha ile ndiyo inayoniuma zaidi kuliko yote.

Sasa nifike Jumamosi. Baada ya mazishi tulikaa sebuleni kwao, mjane, dada wa marehemu mwenye pua yake, na binti. Yule binti sasa ni mama wa miaka ishirini na tisa, na ni fundi. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Mikono yake ina makovu yaleyale ya spana. Mjane akaniomba nimsimulie marehemu kwenye kipindi. Nikakubali. Binti akatoka, akarudi na kopo la biskuti.

"Bibi," akaniambia, "kabla hujasema lolote hewani, soma hii."

Ilikuwa kadi ya gari letu. Mstari wa kwanza ni ule niliowasomea: *82, yenye sketi. Imejaribiwa. Imefungwa.* Chini yake, kwa mkono uleule: *Gari limerudi, limechemka. Nimekuta patupu. Lawama ni yangu.*

"Unaona?" binti akasema. "Aliandika imefungwa, kumbe hakuifunga. Alisahau. Gari likaungua, na babu, mume wako, hakumwona dada yake. Miaka yote hii nilikuwa nagombana na watu, nawaambia baba yangu hakukosea. Kumbe alikosea, tena alijua. Mimi ndiye nilikuwa mjinga."

Mama yake akasema, "Mwanangu, leo ndiyo kwanza tumemzika."

"Mama, acha niseme. Bibi, nakuomba, kwenye kipindi usitaje sufuria. Sema alikuwa baba mwema, inatosha. Gereji nitaifunga mwisho wa mwezi. Mteja akiniuliza nani kanifundisha, nitamjibu nini?"

Dada wa marehemu akaniangalia. Mjane akasogeza kikombe karibu yangu, akasema, "Mwacheni bibi yenu anywe chai."

Nikanywa chai. Wasikilizaji wapendwa, nilikunywa chai. Nilikuwa na jibu mdomoni, na nikalimeza pamoja na chai. Tena wakanisindikiza mpaka barabarani, na binti yule, na uchungu wake wote, alinishika mkono nisijikwae kwenye mtaro.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao. Majuto hayafanani nao hata kidogo. Wajukuu hulala wakichoka.

Basi nasema sasa, mbele yenu wote, mahali palepale nilipomchafua. Binti wa Fundi Sufuria, najua redio ya gereji iko wazi, maana baba yako hakuizima hata siku moja. Baba yako hakusahau. Themostati aliifunga. Nilimwona anaifunga, nilishika tochi. Mimi ndiye niliyeitoa. Mimi, kwa woga wangu, bila kumwita, ingawa aliniambia nimwite. Alikuta patupu kwa sababu mimi nilipafanya patupu. Akasema ni kosa lake ili mzee wangu afe bila kuninunia. Hata kwenye kadi yake mwenyewe, isiyosomwa na mtu, aliificha siri yangu. Umemhukumu baba yako kwa karatasi aliyoiandika kwa huruma. Na mimi nilikaa pale sebuleni nikakuacha umhukumu.

Hiki kilicho hapa mezani ndicho kidude chenyewe. Kimekaa kwenye droo ya cherehani yangu miaka kumi na tisa, ndani ya kipande kilekile cha gazeti. Ukingoni kimechorwa kwa msumari: 82, na tarehe. Tarehe hiyo ni ile ya mstari wa kwanza wa kadi. Na kuzunguka ukingo lipo duara la gasketi ya karatasi, ile inayobanwa chini ya kifuniko, limegandia kwenye chuma. Wewe ni fundi, huhitaji bibi akueleze duara lile linatokea vipi. Halitokei kwenye kitu ambacho hakikufungwa.

Jana asubuhi nilinunua kipimajoto. Nikaweka maji jikoni kwangu, nikapitisha uzi kama nilivyomwona akifanya. Ilinichukua mara nne. Nikavuta kiti, nikasubiri. Sabini. Sabini na tano. Themanini. Themanini na moja. Kwenye themanini na mbili ikadondoka. Niliisikia ikigonga sufuria. Baada ya miaka kumi na tisa bado ilikuwa inasema kweli, na mimi nilikuwa sijaanza.

Kwa mjane wa marehemu, kwa dada yake, kwa binti yake, nawapa pole kutoka moyoni. Pole ya msiba, na pole nyingine ambayo ilikuwa yenu siku nyingi. Sitegemei mnisamehe kwa sababu nimesema redioni. Aliyekuwa na haki ya kunisamehe mbele yangu nimemwacha akaondoka.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja pale alipo, afikirie kidogo. Pengine yupo mtu amebeba mzigo wako, anapita mtaani nao, na anakusalimia vizuri. Kama yu hai, mfuate leo. Usingoje usomewe wasifu wake. Na wote mliocheka nami asubuhi ile, mkipita nyuma ya bekari, ingieni mkasalimie. Kiti chenye mto bado kipo.

Binti yangu, nikitoka hapa nakuja gerejini na kidude hiki. Kadi ile ina nafasi chini ya mstari wa pili. Nataka niandike wa tatu kwa mkono wangu: *Nimeitoa mimi*, na jina langu. Lakini usilipokee neno langu hivihivi. Nimekudanganya tangu ukiwa na miaka kumi. Washa jiko la baba yako, weka ile sufuria ya mama yako, tafuta uzi. Usiniamini mimi. Amini maji.